Kijani cha Kutuliza Mashine

Mtu mwenye miaka hamsini na magoti mabovu hana sababu ya kupanda ngazi mbio, viatu mkononi, soksi zikiteleza kwenye vigae. Pi-hsia alikuwa na sababu. Kule chini uwanjani wafanyakazi wa kiwanda cha skrubu walikuwa ndiyo kwanza wanamalizia mazoezi ya asubuhi, mikono juu, mikono chini, na ile kaulimbiu ya ubora ambayo hakuna aliyewahi kuiamini lakini kila mtu aliipigia kelele. Kengele ya saa mbili ilikuwa bado inalia. Pi-hsia akafika mezani kwake wa kwanza, akaandika neno la siri kwa vidole viwili, akabonyeza.

"Karibu," kompyuta ikamwandikia, na kile kiduara chake kikaanza kuzunguka.

Kikazunguka. Kuei-fen wa meza ya jirani akaingia akitafuna mkate wa mvuke, akaketi, akabonyeza, akafunguliwa. Yule kijana wa mauzo, ambaye hata siku ya harusi yake alichelewa, akasubiriwa na bibi harusi, akabonyeza, akafunguliwa. Kiduara cha Pi-hsia kikaendelea kuzunguka kama ng'ombe wa kinu, bila haraka, bila aibu. Kilipochoka, kioo kizima kikafunguka kijani, kijani kibichi kitupu kama jani la mgomba, na kwenye pembe programu ya mahudhurio ikaandika: amechelewa.

"Tena?" akauliza Kuei-fen.

"Tena."

"Dada Hsia, wewe umezaliwa mwaka wa simbamarara. Mashine inakuogopa, inajificha kwanza."

"Ingekuwa inaniogopa ingefungua upesi."

Kiwandani siku hizi hawagongi kadi, angalau huku ofisini. Meneja Lu aliona kwamba kadi ina marafiki: huyu anamgongea yule, yule anamgongea huyu. Kompyuta, alisema, haina rafiki. Ukiingia kwenye kompyuta yako kabla dakika moja haijapita baada ya kengele, umewahi, ikipita, umechelewa. Na usidhani kuja mapema kunasaidia. Mazoezi ya asubuhi ni lazima, tena kompyuta mama ya kiwanda haimfungulii mtu yeyote kabla ya saa mbili, kwa sababu wakaguzi wa serikali waliwahi kuja wakauliza kwa nini watu wanaanza kazi kabla ya saa za malipo. Basi wote wana dakika moja tu ya kutoka uwanjani, kupanda ghorofa mbili na kufunguliwa. Wenzake iliwatosha hata wakitembea. Pi-hsia haikumtosha hata akikimbia.

Kabla ya chai akaitwa. Meneja Lu alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mpwa wa mwenye kiwanda, mpole, shati lake limepigwa pasi na mama yake.

"Dada Hsia, kaa."

"Nikikaa nitaandikwa nimechelewa kusimama."

Akacheka, kisha akakumbuka cheo. "Fundi amekuja mara mbili. Amepuliza vumbi, amepima kila kitu. Anasema mashine ni nzima."

"Yeye anaingia kwa jina lake. Aingie kwa jina langu aone."

"Jina lina tofauti gani?"

Meneja Lu akageuza geuza kalamu. Kumfokea angeweza, lakini mtu hamfokei mwanamke aliyemjua tangu yeye mwenyewe ni mtoto mwenye kamasi puani, akija kiwandani kwa mjomba wake kuomba sarafu za soda.

"Kule upakiaji bado wanagonga kadi," akasema akiangalia meza. "Nilifikiri pengine kule kungekuwa rahisi kwako."

"Maboksi ya kilo ishirini na tano ni rahisi?"

"Ijumaa napeleka ripoti ya mwezi kwa mjomba. Jina lako liko juu kabisa. Akiniuliza kwa nini, niseme nini? Niseme kiduara?"

Pi-hsia akasimama. Alikuwa ametumia miaka kumi na minane upakiajini kabla ya kupandishwa ofisini kuandika ankara. Ngazi zile alizipanda mara moja kwa furaha. Kuzishuka hakutaka kwa namna yoyote.

*

Nyumbani kwake palikuwa chini karakana, juu vyumba, na katikati harufu ya oili. Mumewe, Chin-shui, alitengeneza skuta na kupima moshi wake, kwa kuwa kila skuta hapa mjini Kangshan lazima ipimwe moshi kila mwaka, na kipimo kinaingizwa kwenye kompyuta palepale mteja akiwa amesimama. Kompyuta hiyo nayo ilikuwa imeanza kuzunguka kiduara. Chin-shui alikuwa amejifunza kukitumia: akishaandika neno la siri, alifungua chupa yake ya chai, akamimina, akanywa nusu kikombe, ndipo kioo kikafunguka. Na ilimbidi aingie upya mara nyingi kwa siku, kwa sababu kila mteja akiondoka mama yake alipita na kuizima.

"Umeme," alisema mama huyo, bibi wa miaka sabini na nane, mfupi, mkavu, mwenye macho ya mkaguzi. Hakusema zaidi. Neno lilijitosheleza.

Jioni ile walikula uji wa wali na viazi vitamu, samaki wa kukaanga, na kabichi. Pi-hsia akawaeleza habari ya Ijumaa. Chin-shui akaacha kuchambua miiba.

"Upakiaji? Na mgongo wako ule?"

"Mgongo hawajauuliza."

"Mimi niliwaambia hekaluni mkwe wangu anafanya kazi kwenye kiti," akasema mama mkwe. "Kiti chenye magurudumu, na hewa baridi. Sasa niwaambie nini?"

"Waambie magurudumu yametoka, Mama," akasema Chin-shui.

"Wewe kula."

Kisha mama mkwe akasema jambo ambalo wote watatu walikuwa wakilifikiria. "Ile ya kazini inachelewa. Hii ya hapa inachelewa. Mashine mbili, nyumba mbili. Aliyezigusa zote mbili ni mmoja."

"Mama."

"Simlaumu. Nasema simbamarara ni simbamarara. Ndiyo maana waliozaliwa mwaka huo hata kwenye chumba cha bibi harusi hawaruhusiwi, wasimletee mkosi."

Pi-hsia akachota kabichi. La kuumiza halikuwa maneno ya mama mkwe. Hayo alikuwa ameyazoea kama mtu alivyozoea pilipili. La kuumiza ni kwamba ameanza kuyaamini. Siku hizi hata kikokotoo alikigusa kwa ncha ya kidole.

Mama mkwe akaenda mbele ya madhabahu ya nyumba, akawasha ubani, akachukua vile vipande viwili vya mbao vyenye umbo la mwezi mchanga ambavyo mtu huviangusha ili mungu amjibu. Kimoja kikilala kifudifudi na kingine chali, jibu ni ndiyo; vyote viwili vikilala chali, mungu anacheka. Akanong'ona swali, akavirusha. Vyote viwili vikalala chali.

"Amecheka," akasema Chin-shui kutoka mezani.

"Naona."

"Anakucheka wewe, Mama."

"Analicheka swali. Nimeuliza vibaya." Akavirusha tena. Mungu akacheka tena. Mama mkwe akavirudisha mahali pake kwa heshima, ila mdomo ameukaza, akamgeukia Pi-hsia. "A-hsia, kile kijani cha kwenye kioo kimepauka. Weka kilichoiva."

"Nilishaweka kilichoiva, Mama. Juzi."

"Weka kilichoiva zaidi."

Kijani kile kilikuwa na asili yake. Hapa kwetu hakuna mtu mwenye akili timamu anayeiacha mashine bila pakiti ya vile vitafunio vya mahindi vyenye ladha ya nazi, ambavyo jina lake ni kama kumwambia mtoto: tulia, uwe mwema. Unaiweka juu ya mashine, nayo inatulia. Lazima pakiti iwe ya kijani. Ya njano huleta ubishi na nyekundu huleta taa nyekundu. Lazima isiwe imepitwa na tarehe. Na ole wake mwenye njaa atakayeifungua. Pi-hsia alikuwa na yake juu ya kompyuta ya ofisini tangu apande kutoka upakiajini, akiibadilisha kila mwaka mpya, na mashine ilikuwa njiwa wa kufugwa.

Kisha wanunuzi wa Osaka wakatangaza kuja kukagua, na Meneja Lu akapiga marufuku chakula chochote juu ya meza, kwa sababu ya panya. Pakiti zote za ofisi zikaingia kwenye mfuko mmoja mweusi. Wiki ileile programu ya ankara ikaganda mwisho wa mwezi, Pi-hsia akarudi nyumbani akiwa kijivu usoni. Ni mama mkwe aliyepata dawa.

"Amekataza pakiti," alisema. "Kwani amekataza rangi?"

Pi-hsia aliona ni busara ya hali ya juu. Akaiondoa ile picha ya mlima iliyokuja na kompyuta, akajaza kioo kizima rangi ya kijani. Jioni akafanya vilevile kwenye kompyuta ya karakana, kinga kwa wote. Tangu hapo kila mashine ilivyozidi kuchelewa, wao walizidi kuikoleza rangi.

*

Alhamisi, saa ya chakula cha mchana, Pi-hsia alishuka mwenyewe kwenda banda la upakiaji. Alitaka kuona kama bado analiweza boksi. Alisubiri mahali ambapo hakuna anayemwona, akainama, akaliinua hadi magotini. Likarudi chini lenyewe.

Wanawake wa zamu wakamwona anajinyoosha. Walikuwa wenzake wa miaka mingi, na habari hushuka ngazi upesi kuliko watu.

"A-hsia, tumekuwekea kabati lako lilelile."

"Nani kawaambia narudi?"

"Aa, watu wanasema tu. Usijali, tutakuwekea zile skrubu ndogo. Nyepesi." Mmoja akamtia mkononi jozi ya glavu mpya, bado zimefungwa kwenye nailoni. "Hizi nilikuwa naziweka akiba. Zichukue wewe."

Akazipokea, akashukuru, akazitia mfukoni. Kama wangemcheka angekuwa na la kuwajibu. Wema ule haukuwa na jibu. Alipopanda kurudi ofisini alipumzika kwenye kituo cha ngazi, akajifanya anasoma tangazo la kuzuia moto.

*

Saa ileile kule karakana alikuwa ameingia A-piao, muuza mabomba, rafiki wa Chin-shui tangu jeshini, na skuta inayotoa moshi kama tanuri la chokaa. Chin-shui akawasha kompyuta, akaandika neno la siri, akamimina chai. A-piao akakaa akiangalia kiduara. Kioo kilipofunguka, akainamisha kichwa upande mmoja.

"Kaka Shui. Hii kofia kakuvisha nani?"

"Kofia gani?"

"Hii. Ya kijani. Kubwa hivi, inakufunika hadi mabegani."

Chin-shui akakitazama kioo, na kwa mara ya kwanza akakiona. Kwetu mwanamume aliyevishwa kofia ya kijani ni yule ambaye mkewe ana mwenzake pembeni. Hakuna duka linalothubutu kuziuza. Naye alikuwa ameketi chini ya ukuta mzima wa kijani, mbele ya wateja, kwa wiki kadhaa.

"Ni ya kutuliza mashine," akasema.

"Ndivyo mkeo alivyokwambia?"

"Mama ndiye aliyesema."

"Lo, hata mama anajua." A-piao akapiga paja. "Mimi ni rafiki yako, sitasema. Nitawaambia wale wa hapa mtaani tu."

"Moshi wako umefeli."

"Hujapima bado."

"Sihitaji kupima. Umefeli."

Alipompitisha na kumfukuza, Chin-shui hakungoja. Akatafuta kwenye mashine picha ya njiwa wake wa mashindano, yule aliyeshika nafasi ya tatu kuvuka bahari, akaijaza kwenye kioo chote. Mwanamume na njiwa wake, hakuna wa kusema neno. Mama yake akapita, akaizima.

Akaja mwalimu wa shule ya msingi na skuta yake safi. Chin-shui akawasha, akaandika neno la siri, akanyoosha mkono kwenye chupa ya chai. Hakuwahi kuifungua. Njiwa alikuwa amesimama kiooni anamtazama kwa jicho moja jekundu.

"Mama, umefanya nini hapa?"

"Nimezima. Kwani umeme unalipa wewe?"

Akazima mwenyewe, akawasha. Njiwa huyo. Mwalimu akauliza kama skuta yake ina shida. Chin-shui akamwambia haina, ila asimame hapohapo kidogo awe shahidi.

Pi-hsia aliporudi jioni, glavu zimetuna mfukoni, alimkuta mumewe mlangoni anangoja kama mtoto mwenye matokeo ya mtihani. "Njoo uone. Njiwa ameiponya."

Akamwonyesha. Pi-hsia akaangalia mara moja, mara ya pili. Hakucheka. Akavuta kigoda.

"Rudisha kijani."

"Nirudishe? Unajua A-piao ameniita nani?"

"Rudisha, A-shui."

Akarudisha, akazima, akawasha. Kiduara kikazunguka. Chai ikamiminwa, nusu kikombe ikanyweka, ndipo kijani kikatokea. Wakatazamana.

"Weka picha nyingine. Yoyote. Isiwe njiwa."

Wakaweka picha ya plagi ya skuta kutoka orodha ya vipuri. Mashine ikafunguka kabla hajavuta pumzi.

"Hata plagi," akasema Chin-shui kwa masikitiko kidogo, kwa ajili ya njiwa.

Mama mkwe alikuwa ameshuka, amesimama nyuma yao, mikono ameificha ndani ya mikono ya sweta. Pi-hsia akamwona kwa pembe ya jicho. Akamwambia mumewe, "Jaza rangi nyekundu. Tupu."

Kiduara kikazunguka vilevile. Wakajaribu njano, wakajaribu bluu. Kwa kila rangi tupu, chai.

"Umeona, Mama?" akasema Pi-hsia, akigeuka. "Kijani hakina kosa. Haitaki rangi tupu tu, ya aina yoyote. Inataka kitu cha kutazama."

Mama mkwe akafikiri. "Kumbe kama mtu," akasema, na mikono ikatoka kwenye sweta.

*

Asubuhi ya Ijumaa Chin-shui alikuwa anainakili picha ya njiwa kwenye kijiti cha flashi mama yake alipotokea. Alikuwa amevaa ile blauzi ya zambarau ya sikukuu za hekaluni, na nywele amezipaka mafuta hadi zimelala.

"Toa huyo ndege," akasema. "Ndege anaruka anakwenda zake. Mimi siendi popote."

"Mama, picha yoyote inafaa. Hata plagi."

"Basi hata mimi."

Chin-shui akafungua mdomo. Mkewe akamkanyaga mguu. Mama mkwe akasimama katikati ya skuta mbili, mikono ubavuni, akaitazama kamera ya simu kama mtu anayemdai. Pi-hsia akamwomba atabasamu. Akasema yeye hatabasamii watu wa ofisini ambao hajatambulishwa.

Kazini, bila shaka, kijani kilikuwa bado kinamngoja. Mazoezi, kengele, ngazi, viatu mkononi, kiduara: amechelewa. Meneja Lu hakumwita. Alikuja mwenyewe hadi mezani, karatasi ya uhamisho mkononi, na uso wa mtu aliyekuja kuchinja kuku aliyempa jina.

"Dada Hsia. Nimeweka kwamba ni kwa muda."

"Nipe nafasi nizime na kuwasha."

"Tumeshawasha sana."

"Mara moja. Simama hapo nyuma yangu, uangalie saa yako."

Ofisi nzima ikaacha kuandika. Pi-hsia akachomeka kijiti, akahangaika kidogo na kipanya, akabadilisha picha, akazima. Mashine ilipowaka akaandika neno la siri, vidole viwili, akabonyeza.

Mama mkwe akatokea. Alitokea mzimamzima, wa zambarau, kutoka ukingo mmoja wa kioo hadi wa pili, akiwa anamkazia macho Meneja Lu moja kwa moja. Kijana akarudi hatua nyuma, kisha akajikuta anavuta shati lake kiunoni.

"Huyu ni nani?"

"Mama mkwe wangu."

"Ameingia upesi."

"Ndivyo alivyo."

Kuei-fen akaangua kicheko ndani ya kikombe. Meneja Lu akatazama saa yake, akatazama karatasi. "Lakini mara ya pili mashine inakuwa imepata moto. Mashine yoyote mara ya pili ni nyepesi."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo, na Pi-hsia akaona ana haki. Akarudisha kijani, akazima, akawasha. Kiduara kikaanza. Wote walikuwa wamejikusanya nyuma ya kiti sasa. Walikitazama kinavyozunguka, na kila mmoja alionekana kutambua jinsi nusu dakika ilivyo ndefu ukiwa wewe ndiye unayengoja. Kilipofunguka kijani, Pi-hsia akamrudisha mama mkwe. Akazima, akawasha. Akaingia mara moja.

"Rangi," akasema Meneja Lu. "Rangi ndiyo inachelewesha?"

"Sijui kwa nini. Nimeona tu."

Akavuta kiti cha Kuei-fen bila kumwomba, akaanza kutafuta kwenye mtandao. Alisoma upesi, midomo ikitikisika. Baada ya muda akakaa wima. "Wapo. Watu kibao. Wenye mfumo wenyewe wameandika: ukijaza kioo rangi tupu, unapoingia mashine inakaa inangoja picha ambayo haipo. Nusu dakika, ndipo inakata tamaa. Kasoro inajulikana." Akasoma tena, polepole. "Na inakwenda na jina la mtumiaji. Ndiyo maana fundi hakuiona. Ulisema. Nami nikakuuliza jina lina tofauti gani."

Akaikunja karatasi ya uhamisho mara mbili, halafu kwa kuwa haitoshi, mara ya tatu.

"Ila kwa nini kijani, Dada Hsia? Kulikuwa na mlima mzuri tu."

Kila mtu alijua. Yeye pia, mtoto wa hapahapa, alijua kabla hajamaliza kuuliza; masikio yalianza kumwiva.

"Ulituchukulia pakiti," akasema Pi-hsia kwa upole. "Mashine haikuwa na kitu."

Meneja Lu akaangalia meza zile safi, tupu, ambazo watu wa Osaka walikuwa wamezisifu. "Kuchelewa kwa mwezi huu kumeshakwenda makao makuu," akasema hatimaye. "Posho ya mahudhurio uliyokatwa siwezi kuirudisha. Nimejaribu kwa mwingine, haikukubali."

"Najua."

"Karatasi hii haitakwenda. Kwa mjomba nitaandika mwenyewe. Nitaandika kosa lilikuwa la mashine." Akasimama, akasita. Akageukia kioo, ambako yule bibi alikuwa bado hajapepesa, akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepita mbele ya mkubwa barazani, kisha akaenda zake.

*

Posho ile iliuma. Mwezi ule hawakununua samaki wa Jumapili, na Chin-shui alimpimia A-piao moshi mara mbili ili amtoze mara mbili, ingawa A-piao alilipa moja. Glavu Pi-hsia alizirudisha upakiajini pamoja na machungwa. Mwenzake akazikataa, akamwambia akae nazo, dunia ni ngazi, kupanda na kushuka. Wakagawana machungwa.

Jumatatu alipanda ngazi akiwa amevaa viatu. Alipanda nyuma ya Kuei-fen, akimsikiliza habari za mwanawe asiyetaka kuoa. Akaketi, akaandika neno la siri, na kabla hajatoa kidole mama mkwe alikuwa ameshafika.

Akamtazama. Usiku wa kuamkia Jumatatu, fundi alikuwa ameweka programu mpya, na vialama vyake vilikuwa vimejipanga ovyo juu ya picha: kimoja cha ankara kimekaa puani, cha barua kwenye shavu, na kile chekundu cha kuzima kimeziba jicho la kulia kabisa. Kengele ya simu ya wanunuzi ikaanza kulia. Pi-hsia akaiacha ilie kidogo. Akashika kipanya, akakivuta kialama cha jichoni hadi pembeni, kisha cha puani, kisha cha shavuni, kimoja kimoja, akavipanga vyote kwenye tairi la skuta, mahali ambapo havimgusi mtu. Ndipo akainua simu.